Kijiko cha Daktari Sims na kimya cha wazee

KUNA mambo ambayo mtu wa umri wangu hatarajiwi kuyaandika gazetini, na hili la leo ni mojawapo. Naomba radhi mapema kwa msomaji ambaye gazeti lake husomwa pia na wanawe wakati wa chai. Hata hivyo, jambo hili nimelibeba kifuani kwa muda mrefu, na kuendelea kulibeba ni sawa na kurudia kosa lile lile mara ya pili.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kikao cha wazee huko Kimumu, pembeni mwa Eldoret, kabla ya mji wetu kupandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024. Kijana mmoja alitaka kumrudisha mkewe kwao ili naye arudishiwe ng'ombe wake. Sababu aliieleza kwa kuzunguka mbuyu, kama ilivyo desturi mbele ya wazee, lakini sote tulielewa: mke alikuwa akimnyima haki ya ndoa. Akikaribiwa alikaza mwili mzima, akalia, akamsukuma. Ndoa yao ilikuwa na umri wa miezi tisa.

Tulikuwa wazee saba. Tuliuliza habari za mahari, tukauliza iwapo yuko mwanamume mwingine, na mmoja wetu akafika hata kuuliza habari za uchawi. Binti mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, kichwa kimeinama. Hakuna aliyemwuliza kama alikuwa akiumia. Mimi pia sikumwuliza. Jioni ile iliamuliwa arudi kwao, na ng'ombe watatu wakahesabiwa.

Usiku nilimsimulia mama watoto yaliyojiri. Alikaa kimya kwa kitambo, kisha akanieleza jambo ambalo hakuwa amelitamka kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipokuwa akimnyonyesha mtoto wetu wa pili, kila tulipokutana alihisi kana kwamba anakwaruzwa kwa msasa, naye akavumilia hivyo hadi mtoto alipoachishwa ziwa. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza kwa nini sikuuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma vitabu ambavyo mwalimu mstaafu wa historia hana kazi navyo. Ndivyo nilivyokutana na maisha ya mtu ambaye madaktari wengi wa wanawake wanamjua kwa jina, kwani hadi leo kipo kifaa chake mezani mwao na upo mlalo wa mgonjwa unaoitwa kwa jina lake. Mtu huyo ni James Marion Sims, Mmarekani. Ninayaeleza maisha yake hapa kwa sababu ndani yake mna kikao chetu cha Kimumu, na mna pia dawa ambayo kikao kile kilikosa.

Sims alizaliwa tarehe 25 Januari 1813 katika wilaya ya Lancaster, jimbo la South Carolina, katika nchi ya mashamba ya pamba na watumwa. Baba yake alitamani awe mwanasheria na hakuona fahari yoyote katika udaktari, kazi ambayo siku zile ilikuwa na heshima ndogo kuliko tunavyodhani. Kijana alihitimu huko Philadelphia mwaka 1835, akarudi nyumbani na kutundika kibao chake. Wagonjwa wake wawili wa kwanza walikuwa watoto wachanga, na wote wawili walimfia mikononi. Sims akakiondoa kibao kile, akakitupa kisimani, akahama kwenda Alabama. Nakiri kwamba hapo nilimhurumia. Daktari anayetupa kibao chake kisimani si mtu asiye na dhamiri.

Kufikia mwaka 1840 alikuwa amehamia mji wa Montgomery, akapata sifa kwa upasuaji wa macho ya makengeza, miguu iliyopinda na midomo iliyopasuka. Maradhi ya wanawake aliyachukia, naye mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakuna kitu alichokichukia kama kuchunguza viungo vya uzazi vya mwanamke. Ndivyo dunia ilivyo. Mtu huyu aliyeyachukia mambo hayo ndiye aliyekuja kuitwa baba wa tiba ya wanawake.

Mwaka 1845 aliitwa kumsaidia msichana mtumwa wa miaka 17 aliyekuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku tatu. Jina lake lilikuwa Anarcha. Mtoto alitolewa kwa koleo, na baada ya siku chache mkojo na kinyesi vikaanza kumtoka bila kizuizi. Kichwa cha mtoto kilichokwama kwa muda mrefu hubana nyama za uke hadi zinakufa na kuacha tundu, na tundu hilo ndilo liitwalo nasuri, au fistula. Punde si punde akaletewa Betsey, kisha Lucy, wasichana wengine watumwa wenye maradhi yale yale. Wakati huo maradhi hayo yalihesabiwa kuwa hayana tiba, na Sims alikuwa tayari kuwarudisha wote kwa mabwana zao.

Ndipo likatokea tukio la kijiko. Bibi mmoja wa Kizungu alianguka kutoka juu ya farasi na kizazi chake kikageuka. Sims alimwinamisha kwa magoti na viwiko ili akirudishe mahali pake, na hapo hewa ikaingia ndani na kuupanua uke kama puto. Akang'amua kwamba katika mlalo ule angeweza kuona ndani, mahali ambapo macho ya daktari hayakuwa yamefika vizuri. Akapitia dukani, akanunua kijiko cha bati, akakunja mpini wake, akaenda moja kwa moja kwa Betsey. Aliliona lile tundu wazi kama mtu anavyoona mlango. Kutokana na kijiko hicho kilizaliwa kifaa ambacho wauguzi wetu hukitumia hadi sasa wakitaka kuona mlango wa kizazi, awe ni mwanamke wa Langas anayepimwa saratani au mama wa Turbo anayetokwa na damu asiyojua chanzo chake.

Hapa ndipo hadithi inapochafuka. Sims alijenga kijumba nyuma ya nyumba yake, akapatana na wenye watumwa kwamba atawalisha kwa gharama yake, nao wawavishe na kuwalipia kodi. Mapatano hayo yalikuwa kati ya wanaume. Wanawake wenyewe walikuwa mali, na mali haiulizwi. Lucy ndiye aliyepasuliwa kwanza, akiwa amepiga magoti kwa muda wa saa nzima mbele ya madaktari wapatao kumi na wawili waliokuja kutazama, na sifongo iliyoachwa kibofuni mwake baada ya upasuaji karibu imwue. Anarcha alipasuliwa takriban mara 30 katika miaka minne. Madaktari waliokuwa wakimsaidia Sims walichoka, wakaondoka mmoja mmoja, na hatimaye ni wanawake hao hao watumwa waliofundishwa kushikana wao kwa wao wakati wa kupasuliwa. Mwaka 1849 Sims alijaribu kushona kwa uzi wa fedha mahali pa hariri, na safari hiyo kidonda cha Anarcha kikafunga.

Yote hayo yalifanyika bila nusukaputi. Watetezi wake hukumbusha kwamba etha ilioneshwa hadharani huko Boston mwaka 1846 tu, baada ya kazi ya Montgomery kuanza, na kwamba madaktari wengi waliiogopa. Ni kweli. Lakini mwaka 1857, etha ilipokuwa imeenea kila mahali, Sims alisimama mbele ya madaktari wa New York akaeleza kwamba maumivu ya upasuaji ule hayakuwa makali kiasi cha kuihalalisha adha ya dawa hiyo. Nani aliyemwambia kuwa hayakuwa makali? Sentensi hiyo niliisoma mara tatu, na kila mara nilikiona kile kigoda cha karibu na mlango.

Mwaka 1853 alihamia New York kwa sababu ya kuhara kulikokataa kupona, na mwaka 1855 akafungua hospitali ya wanawake, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Huko wagonjwa wake wakawa wa matabaka mawili: maskini wahamiaji kutoka Ireland waliojaza vitanda, na mabibi wa matajiri waliomwita majumbani. Katika kundi hili la pili ndipo alipokutana na maradhi ambayo ndiyo kiini cha makala haya.

Mwaka ule ule wa 1857 aliitwa kumwona bibi mmoja wa miaka 45 aliyekuwa ameolewa kwa robo karne na bado alikuwa bikira. Kidole kilipomgusa mlangoni tu, mwili wote ulikakamaa, akapiga kelele, machozi yakamtoka. Sims hakumwita mkaidi. Alimpa etha. Alipolala, daktari akaona jambo la ajabu: njia ilikuwa ya kawaida kabisa, wala hapakuwa na ukuta wala kovu. Akaelewa kwamba kilichofunga mlango kilikuwa misuli, inayojikaza yenyewe bila mwanamke kuiamuru, kama kope linavyofumba jicho likijiwa na kidole. Bibi huyo hakuwa na hiari juu ya jambo hilo zaidi ya mimi na wewe tulivyo na hiari ya kuzuia chafya.

Maradhi hayo Sims aliyapa jina, vajinisimasi, katika makala yaliyosomwa mbele ya chama cha madaktari wa uzazi wa London mwaka 1861. Hakuwa wa kwanza kuyaona, lakini jina lake ndilo lililodumu. Tiba yake ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kisu: kuondoa utando wa bikira na kukata misuli ya mlangoni. Ya pili ilikuwa kifaa kidogo cha kioo, mfano wa bomba lililozibwa upande mmoja, urefu wake kama kidole, ambacho mgonjwa alikivaa kwa saa kadhaa asubuhi na jioni, majuma kadhaa, hadi mlango ukazoea. Wataalamu wa leo wamekitupilia mbali kisu. Kile kioo hawakukitupa, ila wamekigeuza kuwa plastiki na silikoni, wakakitoa mkononi mwa daktari na kukiweka mkononi mwa mwanamke mwenyewe.

Katika kitabu chake cha mwaka 1866 mna kisa ambacho sijui nikieleze vipi bila kumkera msomaji. Palikuwa na mke mwenye maradhi hayo, na daktari alikuwa akifika nyumbani kwake mara kadhaa kwa juma ili amlaze kwa etha, mume apate kumwingilia akiwa hana fahamu. Hatimaye akashika mimba. Alipojifungua, maumivu yalikuwa pale pale. Watu wale hawakuwa washenzi. Walikuwa na mapiano sebuleni na bila shaka walisali kila Jumapili. Na katika nyumba ile, mume, mke na daktari wote walikubali kuwa dawa ya maumivu ya mwanamke ni kumwondolea fahamu, si maumivu. Wazee wenzangu, sisi hatukuwa na etha. Tulikuwa na ng'ombe watatu.

Maisha ya Sims yaliyobaki nitayapita haraka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, moyo wake ukiwa upande wa Kusini, alihamia Ulaya, akawatibu wakubwa, miongoni mwao Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa. Aliporejea aligombana na mabibi waliosimamia hospitali yake mwenyewe. Wao walitaka kupunguza idadi ya wanaume waliojazana kutazama kila upasuaji, na tena hawakutaka wagonjwa wa saratani wapokewe. Katika jambo la kwanza mabibi walikuwa na haki. Katika la pili haki ilikuwa ya Sims, na mwaka 1874 alijiuzulu. Mwaka 1876 alikuwa rais wa chama cha madaktari cha Marekani, na tarehe 13 Novemba 1883 akafariki dunia huko New York. Alijengewa sanamu mwaka 1894. Ilisimama katika jiji lile kwa zaidi ya karne moja, hadi ilipong'olewa tarehe 17 Aprili 2018 kwa amri ya serikali ya jiji, baada ya watu kudai majina ya Anarcha, Betsey na Lucy yakumbukwe. Mwaka 2021 wanawake hao watatu walijengewa sanamu zao huko Montgomery, zimeundwa kwa vyuma chakavu, ndefu kuliko mtu.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi tunaokunywa maji ya Sosiani. Yanatuhusu sana. Ujuzi uliopatikana kwa mwili wa Anarcha ulivuka bahari. Reginald Hamlin wa New Zealand na Catherine Hamlin wa Australia walifika Addis Ababa mwaka 1959 wakaanza kuwashona wanawake wa Ethiopia waliofukuzwa makwao kwa ajili ya harufu ya mkojo, na kutoka huko kazi hiyo ikaenea Afrika Mashariki. Hapa hapa Eldoret ipo hospitali ya Gynocare ambayo kwa zaidi ya miaka kumi imewashona wanawake wanaoteremka kutoka Pokot, Marakwet, Turkana na kwingineko. Tundu likizibwa watu hupiga vigelegele, na wana haki. Ila mwanamke aliyeshonwa hurudi nyumbani na kovu, mara nyingine njia ikiwa imebana, tena akiwa na hofu mwilini. Miezi ya kungoja ikiisha, mume anasubiri chumbani. Hapo ndipo kimya kinapoanza upya.

Wala si hao peke yao. Kisu cha tohara ya wanawake kimepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, na takwimu za serikali za mwaka 2022 zinaonesha kuwa wanawake 15 kwa kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekatwa, kutoka 21 mwaka 2014. Hata hivyo, sheria haiwezi kulainisha kovu la mwanamke aliyekatwa miaka thelathini iliyopita kule bondeni Kerio. Kisha wapo wanyonyeshao, kwa maana maziwa yakitoka homoni ya estrojeni hupungua na uke hukauka, na hicho ndicho kilichompata mama watoto. Wapo waliokoma hedhi, walioshonwa baada ya kujifungua, waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi kwa mionzi, na wapo wasichana kama yule wa Kimumu ambao misuli yao hujifunga kwa sababu mtu fulani aliwatia hofu au aliwaumiza walipokuwa wadogo. Sisi wazee tulikusanya haya yote katika neno moja, kiburi.

Nikiwa na nia ya kujua kile kinachopatikana, siku moja niliingia katika duka moja la dawa hapa mjini. Nilizunguka rafu mara mbili nikijifanya natafuta dawa ya kikohozi. Hatimaye nilimwuliza yule binti wa kaunta, kwa sauti ya mtu anayeungama, kama ana kilainishi. Hakucheka. Alinieleza kama anavyoeleza habari za dawa ya macho, akanifungia tyubu katika mfuko wa kaki. Alinipa heshima ambayo binti wa Kimumu hakuipata kwetu.

Niliyojifunza kwake, na baadaye kwa muuguzi niliyemwendea na mama watoto, ni haya. Kilainishi kilichotengenezwa kwa maji hakina madhara kwa kondomu. Hukauka upesi, basi huongezwa bila haya. Cha silikoni hudumu zaidi, nacho pia hakiharibu kondomu. Mafuta ndiyo hatari. Mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, losheni na Vaseline, ambayo kila nyumba ya Kenya inayo, huudhoofisha mpira wa kondomu kwa muda mfupi mno hadi ukapasuka, na katika nchi yenye virusi vya ukimwi kosa hilo si dogo. Wasiotumia kondomu wanaweza kutumia mafuta safi ya nazi ikiwa hayawawashi, lakini Vaseline na vitu vyenye manukato havifai ndani ya uke hata kidogo, wala sabuni. Wanaotafuta mtoto waulize aina isiyodhuru mbegu. Na mwanamke aliyekoma hedhi aulize habari za krimu ya estrojeni, maana kwake kilainishi huenda kikapunguza tu tatizo ambalo krimu ingeliondoa.

Kuhusu vipanuzi, vile vilivyozaliwa na kioo cha Sims, huja kwa seti, cha kwanza chembamba kama kidole kidogo, na vinavyofuata hupanda kidogo kidogo. Mwanamke hujifungia chumbani mwake, hupumua taratibu, hupaka kilainishi na kukitumia mwenyewe kwa dakika chache, siku nyingi za juma. Hapandi kwenda kinachofuata hadi kilichopo kisimwume. Wengine huchukua majuma, wengine miezi. Asiye na uwezo wa kununua anaweza kufundishwa kuanza kwa kidole chake mwenyewe kilichooshwa na kukatwa kucha. Mume hana kazi katika hatua za mwanzo isipokuwa kungoja, na kungoja huko, msomaji mwanamume, ndiko sehemu ngumu ya tiba. Baadaye naye huingia, ila mwanamke ndiye anayeongoza, yeye ndiye anayechagua mkao na kusema basi, na basi yake hutiiwa papo hapo. Hata mto mdogo uliowekwa chini ya nyonga umewasaidia wengi.

Si kila maumivu yatamalizwa na tyubu ya dukani. Damu inayotoka baada ya tendo, uchafu wenye harufu, homa, vidonda, au maumivu ya ndani kabisa ya tumbo ni mambo ya hospitali, tena mapema, kwa kuwa yanaweza kuwa maambukizi au saratani. Yeyote atakayependekeza kukata misuli ili ndoa ifanye kazi anarejea mwaka 1861, na aulizwe sababu zake kwa makini.

Huko Pwani mwali alikuwa na somo wake, naye aliyafundwa mambo haya faraghani kabla hajaingia chumbani. Kwetu katika nyanda za juu mafunzo yalifungamana na kisu, na tulipoanza kukitupa kisu, jambo lililopaswa kufanywa zamani, tulitupa pia kile chumba cha mafunzo bila kujenga kingine. Makanisa yetu hufundisha maarusi habari za bajeti na maombi. Nimehudhuria mafunzo hayo mara nyingi nikiwa msimamizi wa ndoa, na sikumbuki hata siku moja mtu akitaja kwamba tendo lenyewe halipaswi kuuma, na kwamba likiuma lina dawa.

Nilipokwisha kuyasoma ya Sims nilimwomba mama watoto amtafute yule binti. Ilimchukua miezi miwili, kupitia kwa shangazi yake mmoja. Alimkuta Kapsoya akifanya kazi ya ushonaji. Wakazungumza mchana kutwa. Ilijulikana kwamba aliumia tangu usiku wa kwanza, kwamba alimwambia mumewe, kwamba mumewe alidhani ni mambo ya kawaida ya mwanamwali na akamwambia avumilie, na kwamba siku ya kikao alikuwa amejitayarisha kujibu endapo angeulizwa. Alikuwa amekariri hata maneno ya kutumia ili asiwavunjie wazee heshima. Sasa anahudhuria kliniki na amefika kipanuzi cha tatu. Hafanyi hivyo kwa ajili ya mume, maana hana. Alimweleza mama watoto kwamba anataka tu mwili wake uache kuogopa.

Yule kijana ameoa mke mwingine. Ng'ombe wawili kati ya wale watatu wamezaa. Nimempelekea ujumbe mzee aliyeongoza kikao chetu, nikimwomba tukutane sote saba kwa mara nyingine, na safari hii tumwite pia muuguzi, ili tumsikilize binti yule ikiwa bado atakubali kuketi nasi. Ni juma la tatu sasa, naye hajanijibu.